Basi la mawese na barabara ya Leuven

Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1938, basi la abiria lilifanya safari kati ya miji ya Brussels na Leuven nchini Ubelgiji likitumia nishati iliyotengenezwa kwa mafuta ya mawese. Leo ni wachache wanaolikumbuka. Hata hivyo historia ya basi hilo, pamoja na historia ya manispaa ndogo ya Saint-Josse-ten-Noode ambako barabara ya kale ya kwenda Leuven inaanzia, inaonyesha kwamba kila nishati mpya ya magari huja na swali lilelile: ni nani anayeamua, na ni nani anayegharamia?

Saint-Josse-ten-Noode, au Sint-Joost-ten-Node kwa wanaozungumza Kiholanzi, ni mojawapo ya manispaa 19 zinazounda Mkoa wa Brussels. Eneo lake ni kilomita ya mraba moja na ushei tu, na hakuna manispaa nyingine nchini Ubelgiji iliyo ndogo kuliko hiyo. Lakini katika eneo hilo dogo wanaishi watu wapatao 27,000, wengi wao wakiwa na asili ya Uturuki, Morocco na nchi nyingine nyingi, zikiwemo za Afrika kusini mwa Sahara. Mtu anaweza kuivuka manispaa nzima kwa miguu kwa muda wa nusu saa. Akiianzia safari yake katika uwanja wa Rogier, akapita kwenye bustani ya zamani ya mimea na kufika uwanja wa Madou, atakuwa amepita mbele ya karibu karne mbili za historia ya usafiri wa Ulaya. Na kila hatua ya historia hiyo ina sehemu yake iliyoandikwa barani Afrika.

Mvuke na siasa

Uwanja wa Rogier umepewa jina la Charles Rogier, mwanasiasa aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1800 na ambaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa mapinduzi ya mwaka 1830 yaliyoitenga Ubelgiji na Uholanzi. Rogier alikuwa mkaazi wa Saint-Josse na alifariki dunia huko mwaka 1885.

Taifa hilo changa lilikuwa na shida moja kubwa. Mlango wa mto Scheldt, ambao ndio njia ya meli kuingia bandari ya Antwerp, ulikuwa mikononi mwa Waholanzi. Jawabu la Rogier, akiwa waziri wa mambo ya ndani, lilikuwa reli. Baada ya mjadala mkali bungeni, sheria ya tarehe mosi Mei 1834 iliiamuru serikali yenyewe ijenge reli, badala ya kuziachia kampuni binafsi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Mei 1835, magari ya moshi yalitoka Brussels kwenda Mechelen. Ilikuwa miongoni mwa safari za kwanza za treni ya mvuke ya abiria katika Ulaya bara. Mojawapo ya vichwa vitatu vya treni vilivyovuta mabehewa siku hiyo kiliitwa L'Éléphant, yaani Tembo. Katika miaka ya 1840 kituo kikubwa cha kaskazini kilijengwa kwenye uwanja ambao leo unaitwa Rogier, na kilibaki hapo hadi mwaka 1952 kilipohamishiwa mbele kidogo.

Somo la reli lilikuwa wazi tangu mwanzo. Ubelgiji ilikuwa na makaa yake ya mawe, ilikuwa na chuma, na ilikuwa na serikali iliyotaka kujitegemea. Uamuzi wa kutumia mvuke ulikuwa wa kisiasa kama ulivyokuwa wa kiufundi.

Gari la umeme na kiu ya mpira

Katika manispaa jirani ya Schaerbeek, mwaka 1868, alizaliwa Camille Jenatzy. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa bidhaa za mpira. Mwana alisomea uhandisi, akavutiwa na magari, na hususan magari ya umeme. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Jenatzy aliendesha gari lenye umbo la risasi lililoitwa La Jamais Contente, maana yake Asiyeridhika Kamwe, na kufikia kasi ya kilomita 105.88 kwa saa. Alikuwa binadamu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa akiwa katika gari la barabarani, na gari hilo halikutumia hata tone moja la petroli. Liliendeshwa kwa betri.

Wanaodhani kwamba gari la umeme ni uvumbuzi wa karne ya 21 wanasahau kuwa katika miaka hiyo umeme, mvuke na petroli vilikuwa vikishindana bega kwa bega. Petroli ilishinda baadaye kwa sababu zinazoeleweka: betri za wakati huo zilikuwa nzito, ziliishiwa nguvu baada ya mwendo mfupi, na mafuta ya petroli yalizidi kuwa rahisi kadiri visima vipya vilivyochimbwa. Kuanzia mwaka 1912, magari ya petroli yalipoanza kuwashwa kwa mota ndogo ya umeme badala ya kuzungushwa kwa mkono, ubora mkubwa wa gari la umeme ulitoweka.

Lakini liwe la umeme au la petroli, kila gari lilihitaji matairi, na matairi yalihitaji mpira. Sehemu kubwa ya mpira uliopakuliwa katika bandari ya Antwerp ilitoka katika Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo kati ya mwaka 1885 na 1908 ilikuwa chini ya milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili. Wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu. Walioshindwa kufikisha kiasi kilichotakiwa walichapwa viboko, wake zao walishikwa mateka, na wengine waliuawa au kukatwa mikono. Wakati Ulaya ikishangilia kasi ya magari, bei ya kasi hiyo ilikuwa ikilipwa kwingine.

Bustani ya mimea ya Saint-Josse

Ukitoka uwanja wa Rogier na kupanda mlima mdogo, unafika mahali panapoitwa Botanique. Tangu mwaka 1984 ni kituo cha utamaduni ambako vijana huenda kusikiliza muziki. Hapo kabla palikuwa bustani ya mimea ya taifa, iliyofunguliwa mwaka 1829 na kununuliwa na serikali mwaka 1870.

Kadiri ukoloni ulivyotanuka, ndivyo mimea iliyokaushwa ilivyozidi kufika Saint-Josse kutoka Kongo. Émile De Wildeman, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani hiyo kuanzia mwaka 1912 hadi 1931, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuieleza mimea ya Kongo, ikiwemo ile inayotoa mpira na ile inayotoa mafuta. Ilikuwa kazi ya kisayansi ya hali ya juu, na wataalamu wa mimea wanaitegemea hadi leo. Ilikuwa vilevile orodha ya mali. Dola ya kikoloni ilitaka kujua ni mti gani unaota wapi, na unaweza kuleta faida gani.

Miongoni mwa miti hiyo ulikuwemo mchikichi. Msikilizaji aliyekulia Kigoma, Uvira au Kalemie hahitaji kuelezwa habari zake: ngazi zikishachumwa huchemshwa, hupondwa na kukamuliwa, na mawese mekundu yanayopatikana hupikia, hutengenezea sabuni na kuwashia taa. Kwa wanakemia wa Brussels, mawese hayo yalikuwa na uwezekano mwingine.

Kutoka chungu hadi injini

Wazo la kuendesha injini kwa mafuta ya mimea halikuanzia Ubelgiji. Katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1900 mjini Paris, kampuni ya Otto ilionyesha injini ya dizeli iliyotumia mafuta ya karanga. Aliyetaka jaribio hilo lifanywe ni serikali ya Ufaransa, ambayo ilifikiria karanga zilizokuwa zikilimwa kwa wingi katika makoloni yake ya Afrika. Rudolf Diesel mwenyewe aliandika mwaka 1912 kwamba injini hiyo ilikwenda vizuri kiasi kwamba ni watu wachache tu waliotambua tofauti. Aliamini kuwa mafuta ya mimea, ambayo kwa hakika ni joto la jua lililohifadhiwa, yangeweza siku moja kuwa na umuhimu mkubwa.

Mawese, hata hivyo, yana kasoro. Ni mazito, na katika baridi ya Ulaya huganda. Injini ya dizeli hunyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa kupitia vitundu vyembamba sana. Mafuta mazito hayanyunyiziki vizuri, hayaungui yote, na huacha masizi yanayoziba injini.

Suluhisho lilipatikana kwa mkemia G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels. Tarehe 31 Agosti 1937 alipewa hataza ya Ubelgiji nambari 422,877, yaani haki ya mvumbuzi, kwa njia ya kuyageuza mafuta ya mimea yafae kutumiwa kama nishati. Njia yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Mawese huchanganywa na alkoholi, huongezwa asidi kidogo ya kuchochea, na mchanganyiko hupashwa moto. Gliserini, ambayo ndiyo inayoyafanya mafuta yawe mazito, hutengana na mafuta. Kinachobaki ni kimiminika chepesi ambacho wanakemia wanakiita esta, kinachokaribia sana dizeli ya kawaida na kinachoweza kuchanganywa nayo. Dunia ya leo inakiita biodizeli. Viwanda vya sasa vimebadilisha aina ya alkoholi na aina ya kichocheo, lakini msingi ni uleule.

Mwaka uliofuata nishati hiyo ilitiwa ndani ya basi. Taarifa ndefu ya M. van den Abeele, iliyochapishwa mwaka 1942 katika jarida la kilimo la Kongo ya Kibelgiji, inaeleza kwamba basi hilo lilihudumia abiria wa kawaida kati ya Brussels na Leuven katika kiangazi cha 1938, na kwamba mwendo wake uliridhisha. Katika kipimo cha wepesi wa kuwaka, esta ya mawese ilipata takriban 83, wakati dizeli mbili zilizolinganishwa nayo zilipata 50 na 57.5. Wanahistoria wa kemia wanalihesabu basi hilo kuwa huenda ndilo la kwanza duniani kufanyiwa majaribio kwa biodizeli.

Jasho la Kwilu

Kwa nini Ubelgiji ilijishughulisha na jambo hili? Sababu ilikuwa ileile ya wakati wa Rogier. Nchi haikuwa na visima vya mafuta ya petroli. Koloni lake, kwa upande mwingine, lilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawese duniani, na huko Kongo kwenyewe petroli iliyosafirishwa kutoka mbali ilikuwa ghali.

Taarifa za maabara zinaeleza uzito, joto na wepesi wa kuwaka. Hazielezi mawese yalipatikanaje. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni ilitia saini mkataba na kampuni ya Lever ya Uingereza, watengenezaji wa sabuni, ikiwapa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 za ardhi yenye michikichi. Kituo kikuu katika bonde la mto Kwilu kiliitwa Leverville. Leo ni Lusanga. Wanaume walipanda michikichi mirefu kukata ngazi kwa mkono, huku wanawake na watoto wakibeba mizigo. Michikichi ambayo wazee wao waliitumia kwa uhuru ilikuwa sasa ya kampuni, na kodi ililazimu kila mwanamume kutafuta fedha kwa kuifanyia kazi.

Mgogoro wa uchumi wa dunia ulipoangusha bei ya ngazi, kodi haikupungua. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi. Baada ya afisa mmoja wa kikoloni, Maximilien Balot, kuuawa, jeshi lilipelekwa na mamia ya Wapende walipoteza maisha. Miaka saba tu baadaye basi la mawese lilikuwa likisafirisha abiria kwenda Leuven.

Haimaanishi kwamba wanakemia wa Brussels walikuwa watu waovu. Inamaanisha kuwa bei ya nishati waliyoipigia hesabu haikuwa bei kamili.

Nishati inayosahauliwa

Tarehe 10 Mei 1940 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, na njia ya bahari kwenda Kongo ikakatika. Katika Ubelgiji iliyokaliwa, magari yaliyobaki barabarani yalifungwa matanuri mgongoni, yakaendeshwa kwa gesi ya kuni na mkaa. Mawese ya Kongo yalikwenda kwa mataifa shirika yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani. Baada ya vita mafuta ya petroli yalishuka bei, na hataza ya Chavanne ilibaki kabatini. Kemia haikushindwa. Kilichoshindwa ni hesabu ya bei.

Biodizeli ilirejea miongo kadhaa baadaye, na safari hii kwa amri ya wanasiasa. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulijiwekea lengo la asilimia 5.75 ya nishati zitokanazo na mimea katika petroli na dizeli za usafiri kufikia mwisho wa mwaka 2010. Mwaka 2009 uliweka lengo jingine, asilimia 10 ya nishati jadidifu katika usafiri kufikia mwaka 2020. Mawese yakahitajika tena, lakini sasa kutoka Indonesia na Malaysia hasa. Misitu ilifyekwa ili kupisha mashamba, na wanaharakati wa mazingira wakapaza sauti. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliamua mawese yaondolewe hatua kwa hatua katika hesabu ya nishati safi hadi mwaka 2030. Ubelgiji haikusubiri. Mwaka 2023, miaka 85 baada ya basi la Leuven, ilipiga marufuku biodizeli ya mawese katika soko lake.

Jengo la Madou

Katika uwanja wa Madou, pale barabara ya Leuven inapoanzia, limesimama jengo refu la zaidi ya ghorofa 30 lililojengwa katika miaka ya 1960. Mwaka 2006 Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya ilihamishia huko sehemu ya ofisi zake, na baadaye jengo hilo likawa makao ya idara inayosimamia ushindani wa kibiashara.

Idara hiyo ndiyo iliyochunguza mambo yanayomgusa kila mwenye gari au simu ya mkononi. Mwezi Julai 2016 halmashauri iliwatoza watengenezaji wa malori faini ya karibu euro bilioni 2.93 kwa kupatana bei kwa muda wa miaka 14, na kwa kuafikiana jinsi ya kuwabebesha wateja gharama za kupunguza moshi. Julai 2018 kampuni ya Google ilitozwa euro bilioni 4.34 kuhusiana na mfumo wa Android wa simu za mkononi, kiasi ambacho mahakama ilikipunguza kidogo mwaka 2022. Julai 2021 Volkswagen na BMW zilitozwa jumla ya euro milioni 875 kwa kuafikiana kutoshindana katika kusafisha moshi wa dizeli.

Maamuzi hayo yanaonyesha nguvu kubwa ya sheria pale inapomlinda mnunuzi wa Ulaya. Je, nguvu hiyo inamfikia mchimbaji wa Kolwezi?

Kiswahili cha migodini

Betri, iliyoshindwa na petroli baada ya enzi ya Jenatzy, imerudi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria iliyolenga magari mapya yasitoe hewa ya kaboni kuanzia mwaka 2035, sheria ambayo imezusha mabishano tangu hapo. Betri nyingi za magari na za simu zinahitaji kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, hususan katika maeneo ya Katanga ya zamani.

Huko, lugha ya migodini ni Kiswahili. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka makabila na nchi mbalimbali, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kambini. Kobalti yao ilisafishwa Olen, nchini Ubelgiji. Serikali ya Kongo iliitaifisha migodi hiyo kuanzia mwaka 1967. Kampuni mama iliendelea Ubelgiji, na tangu mwaka 2001 inaitwa Umicore, mojawapo ya watengenezaji wa malighafi za betri.

Siku hizi, mbali na mitambo ya kampuni kubwa, wachimbaji wadogo wadogo huteremka katika mashimo kwa sururu na taa ya kichwani. Mashimo huporomoka, na watoto wameonekana wakiosha na kubeba mawe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu betri inazitaka kampuni zichunguze kobalti yao imetoka wapi na imepatikanaje. Hata hivyo tarehe ya kuanza kutekelezwa kwa sharti hilo, iliyokuwa Agosti 2025, imesogezwa mbele hadi Agosti 2027.

Tofauti moja na mwaka 1938 ni kwamba sasa Kongo ina serikali yake. Februari 2025, baada ya bei kuporomoka, Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na mwezi Oktoba mwaka huohuo ikaweka mfumo wa mgawo. Kwa mara moja aliye na mali ndiye aliyetamka masharti.

Hata hivyo historia ya basi la mawese inatoa tahadhari. Mnunuzi akiona bei haimfai, hubadilisha kemia. Tayari zipo betri za magari zinazotumia chuma na fosfati bila kobalti hata chembe, na matumizi yake yanaongezeka mwaka hadi mwaka. Kwilu ilibaki na michikichi iliyozeeka na majengo ya Leverville pindi dunia ilipogeukia kwingine. Kolwezi bado ina muda wa kujiuliza itabaki na nini.